UTUNZAJI WA PUNDA NA FARASI WALIODHOOFU KWA NJAA: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WAKAAZI WA MWANDIGA

Mnyama wa kazi anapozeeka, anapovunjika mguu au mwenyewe anapoishiwa uwezo, mara nyingi hufunguliwa kamba na kuachwa ajitafutie. Hapo ndipo huonekana kandokando ya barabara au sokoni, mbavu zikihesabika na vidonda vya mgongoni vikiwa wazi. Wapo watu wenye huruma ambao humchukua mnyama wa namna hiyo na kumpeleka nyumbani. Huruma hiyo ni jambo jema, lakini bila ya maarifa huweza kumuua mnyama aliyekusudiwa kuokolewa, au kumtia mwokozi mwenyewe katika mashtaka ya wizi. Maelezo haya yanakusudiwa kuonesha namna kituo kidogo cha kuwatunza wanyama hao kinavyoweza kuendeshwa kwa utaratibu.

Kwa nini punda, si farasi

Katika sehemu za Kigoma, Ujiji na pwani yote ya Ziwa Tanganyika, farasi ni mnyama adimu. Sababu yake inajulikana tangu zamani, nayo ni mbung'o, ambaye huambukiza maradhi ya nagana. Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kuelekea Ujiji kumtafuta David Livingstone, msafara wake ulikuwa na farasi wawili na punda 27. Farasi wote wawili walikufa siku za mwanzo za safari, kabla hata ya kulikaribia ziwa.

Livingstone mwenyewe, alipoanza safari yake ya mwisho mwaka 1866 kutoka Mikindani, alichukua ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda kwa nia ya kujua ni mnyama gani angeweza kustahimili kuumwa na mbung'o. Wanyama hao walikufa mmoja baada ya mmoja. Hata hivyo jaribio halikutoa jibu la hakika, kwani katika kumbukumbu zake alilalamika kwamba waliokabidhiwa wanyama hao waliwabebesha mizigo kupita kiasi, wakawapiga na kuwaacha bila ya malisho. Ikawa vigumu kutenganisha aliyeuawa na mbung'o na aliyeuawa na mkono wa binadamu. Funzo hilo lina maana hadi leo. Mnyama akikonda, watu husema ni maradhi, na mara nyingi huwa ni njaa na mateso.

Punda si wengi Kigoma kama walivyo katika mikoa ya Arusha, Dodoma au Singida. Lakini Mwandiga ni njia panda, ambapo barabara ya Manyovu huachana na ile ya Kasulu, na penye njia panda hupita mizigo na wanyama wa kila aina. Kwa hiyo maelezo yanayofuata yanamhusu zaidi punda, ingawa mengi yanamfaa pia farasi na baghala.

Mfano wa Lamu

Mfano unaojulikana zaidi katika Uswahilini ni ule wa kisiwa cha Lamu, nchini Kenya. Mji wa Lamu una vichochoro vyembamba, na kwa karne nyingi punda ndiye aliyebeba mawe, mchanga, maji na bidhaa. Mwaka 1987 taasisi ya Uingereza iliyoanzishwa na Bibi Elisabeth Svendsen mwaka 1969 kwa ajili ya hifadhi ya punda ilifungua huko kituo cha kuwatibu bila ya malipo.

Jambo la kuzingatiwa ni namna kazi hiyo ilivyoendeshwa. Kituo hakikuanza kwa kuwanyang'anya watu punda wao. Kiliwatibu na kuwarudisha kwa wenyewe, na mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri yakaandaliwa ili mwenye punda aone fahari badala ya kuona aibu. Kwa namna hiyo kituo kidogo huweza kuwafikia wanyama wengi kuliko wale wanaoenea ndani ya uzio wake.

Hatari iliyoongezeka

Thamani ya punda aliyetelekezwa imebadilika katika miaka ya karibuni. Ngozi yake hutumika kutengeneza gundi ya dawa iitwayo ejiao, ambayo soko lake kubwa lipo China. Nchini Kenya, punda zaidi ya 300,000 walichinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Hapa nchini machinjio ya punda yalikuwa Dodoma na Shinyanga, na Desemba 2021 Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo kwa kuhofia punda kutoweka. Desemba 2022 nchi za Afrika zilikutana Dar es Salaam kuzungumzia suala hilo, na Februari 2024 Umoja wa Afrika uliazimia kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Kutokana na hali hiyo, punda anayezurura usiku bila ya mwenyewe hukabiliwa na njaa pamoja na kisu. Vilevile mtu anayekusanya punda bila ya maandishi huweza kushukiwa kuwa mfanyabiashara wa ngozi.

Hatua za kisheria

Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inayotumika Tanzania Bara, inakataza kumtesa mnyama na inamtaka mwenye mnyama amtimizie mahitaji yake. Sheria hiyo haimpi mpita njia ruhusa ya kumchukua mnyama wa mwenziwe. Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni huu:

1. Taarifa itolewe kwa Mtendaji wa Kijiji na Afisa Mifugo wa Kata kabla mnyama hajahamishwa. Ikiwa yumo katika hatari ya kufa, taarifa itolewe siku hiyo hiyo.

2. Mwenyewe atafutwe. Akipatikana, asikilizwe kwanza. Huenda anaumwa, amefiwa au hana fedha za dawa, na msaada mdogo ukamaliza tatizo.

3. Mwenyewe akikubali kumtoa mnyama, makabidhiano yaandikwe na kushuhudiwa.

4. Kila mnyama afunguliwe ukurasa katika daftari: tarehe aliyopokelewa, jinsia, rangi, alama, hali yake na matibabu. Picha ipigwe siku ya kwanza.

Kujua uwezo wa kituo

Vituo vingi vidogo huharibika kwa kupokea wanyama kupita uwezo. Hesabu yake si ngumu. Punda mwenye uzito wa kilo 150 huhitaji takriban kilo tatu za majani makavu kwa siku, sawa na zaidi ya tani moja kwa mwaka. Maji anayokunywa ni kati ya lita 10 na 25 kwa siku, kwa kutegemea joto na kazi. Punda watatu basi huhitaji zaidi ya tani tatu za majani, na wakati wa joto takriban madumu manne ya lita 20 kila siku. Kwa kuwa kiangazi cha Kigoma huanza Mei na kuendelea hadi Septemba, majani yakatwe, yakaushwe na kuhifadhiwa mahali pasipovuja kabla mvua hazijakatika. Asiye na akiba ya miezi hiyo asipokee mnyama mwingine, hata akiombwa kwa machozi, kwani kumpokea wa nne ni kuwanyima chakula watatu waliotangulia.

Banda liwe na paa na sakafu kavu, kwa sababu manyoya ya punda hayazuii mvua vizuri kama ya farasi. Pawepo sehemu ya pembeni ya kumtenga mgeni kwa majuma machache. Akija na mwenziwe, wasitenganishwe. Punda hushikamana wawili wawili, na akiondolewa mwenziwe huweza kuacha kula kwa huzuni. Punda aliyeacha kula huanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake, mafuta hayo hujaa katika damu na kudhuru ini, na kifo huweza kufuata kwa siku chache.

Siku kumi za mwanzo

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Mtu akiona mnyama amebaki mifupa humwekea ndoo ya pumba au mahindi, na mnyama hula yote. Kwa siku mbili tatu huonekana kupata nafuu, kisha huanguka na kufa, watu wakadhani amerogwa au alikuwa amekwisha chelewa.

Ukweli ni kwamba mwili uliokaa na njaa muda mrefu huwa umepungukiwa na madini ya fosforasi, potasiamu na magnesiamu. Nafaka ina wanga mwingi. Wanga ukiingia kwa ghafla, mwili hutoa homoni ya insulini, na homoni hiyo huyavuta madini machache yaliyobaki katika damu na kuyaingiza ndani ya seli. Damu ikikosa madini hayo, moyo na misuli ya kupumulia hushindwa kazi. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi katika siku za mwanzo na huweza kuendelea hadi siku ya kumi.

Kwa sababu hiyo mnyama aliyedhoofu sana asipewe mahindi, pumba wala molasi. Chakula kinachofaa ni majani makavu ya jamii ya kunde, yasiyo na ukungu, ambayo yana protini nyingi na wanga kidogo. Farasi mkubwa huanza na nusu kilo kila baada ya saa nne, usiku na mchana, kwa siku tatu. Punda hupewa kwa uwiano wa uzito wake, yaani takriban theluthi ya kiasi hicho. Kuanzia siku ya nne kiasi huongezwa kidogo kidogo na idadi ya milo kupunguzwa, hadi baada ya siku kumi aweze kuachiwa majani bila ya kipimo. Maji safi yawepo wakati wote. Kurudi kwa mwili wa kawaida huchukua miezi, na hapana njia ya mkato.

Tahadhari za matibabu

Punda huficha maumivu. Akisimama kimya ameinamisha kichwa, watu husema ametulia, kumbe anaumwa. Kipimajoto ni chombo cha lazima, kwani joto la punda mzima mwenye afya ni kati ya nyuzi 36.2 na 37.8 za Selisiasi. Usemi kwamba shukrani ya punda ni mateke umemwonea mnyama huyu, kwa kuwa teke lake aghalabu hutokana na hofu au kidonda kilichoguswa.

Dawa za ng'ombe zisitumiwe kwa kukisia. Amitrazi, inayotumika kuogesha ng'ombe dhidi ya kupe, huweza kuyafanya matumbo ya farasi na punda yasimame. Monensini, inayochanganywa katika baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe, huua farasi na punda hata kwa kiasi kidogo. Dawa za nagana nazo zinahitaji kipimo cha daktari wa mifugo, kwa kuwa wanyama hawa hudhurika kwazo upesi kuliko ng'ombe. Kila kidonda kisafishwe na chanjo ya pepopunda iulizwe mapema, maana maradhi hayo humpata sana mnyama wa jamii hii. Kwato nazo hukatwa kila baada ya wiki sita hadi kumi.

Wapo pia ambao hawawezi kupona. Mnyama aliyelala siku tatu bila ya kuweza kusimama, au aliyevunjika mguu mahali pasipoungika, anastahili kupumzishwa na daktari wa mifugo bila ya maumivu. Kumwacha afe polepole kwa kuona haya ni mateso mengine. Mzoga uzikwe kwa kina, mbali na visima na mito.

Baada ya kupona

Lengo la kituo si kujaza banda. Mnyama aliyepona hurudishwa kwa mwenyewe kwa masharti yaliyoandikwa, au hupewa mtu mwingine anayejulikana kwa Serikali ya Kijiji, naye hukaguliwa baada ya miezi mitatu na baada ya sita. Asiuzwe mnadani, kwani huko mnunuzi wake hajulikani.

Wakaazi wanakumbushwa kwamba mzigo uliopunguzwa, tandiko laini la mgongoni na kamba isiyokata shingo hugharimu kidogo kuliko matibabu ya miezi sita. Watumishi wa kata na vijiji wanaombwa kuzipokea taarifa za wanyama waliotelekezwa kwa uzito ule ule wa taarifa za mali iliyopotea. Kwa mwenye kuchota maji mbali, punda mzima ni mali ya nyumba nzima.