Sukari imeshuka, lakini dawa siachi



Mwaka uliopita, nikiwa na miaka 34, nilipimwa damu asubuhi kabla ya kula. Kipimo kilitoa 214. Siku nyingine wakapima tena: 208. Kwa mtu ambaye hajakula usiku kucha, kuanzia 126 mara mbili tayari ni ugonjwa wa sukari. Munganga akaniambia ni aina ya pili. Tangu hapo naulizwa maswali mengi nyumbani, kanisani, hata na wenzangu wa chuo. Ndiyo maana naandika.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Tukisha kula, sukari inaingia katika damu. Insulini ndiyo inaifungulia mlango iingie katika misuli, iwe nguvu. Katika aina ya pili insulini iko, lakini mwili hauisikii vizuri, na polepole kongosho linachoka kuitengeneza. Sukari inabaki katika damu, inaharibu macho, figo na miguu, tena kwa miaka bila maumivu. Si uchawi, na hauambukizi.

Wengi walinihurumia: "Sasa hautakula tena bugali!" Ninakula. Bugali ya muhogo karibu yote ni wanga, na wanga inageuka sukari hata kama mdomoni haina utamu. Kwa hiyo nimebadilisha vipimo: nusu ya sahani ni sombe ao lengalenga, robo ni ndagala ao maharage, robo inayobaki ndiyo bugali. Ziwa liko mlangoni, sombe iko shambani. Hatuhitaji chakula cha Ulaya. Kitu nilichoacha kabisa ni soda: chupa moja ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari.

Kigumu kilikuwa kula peke yangu. Kwetu tunazunguka bugali moja, na huwezi kupima robo yako humo. Mama aliponitengea sahani, wadogo wangu wakadhani nimekasirika. Ilibidi niwaeleze wote, na sasa wao ndio wananichunga.

Upande wa dawa, nameza metformini asubuhi na jioni, pamoja na chakula ili tumbo lisisumbue. Kisha miezi mitatu kipimo kikashuka mpaka 118. Mama mkubwa akafurahi: "Mungu ametenda, sasa acha dawa." Hapo ndipo wagonjwa wengi wanaangukia. Ile 118 ni kazi ya dawa, chakula na kutembea. Nilimjibu: "Mama, mvua ikinyesha na wewe uko mukavu ndani ya nyumba, hautoi bati." Akacheka, akaelewa. Kupunguza dawa ni neno la munganga, kisha vipimo.

Kuna pia kufunga na kuomba. Metformini peke yake ni mara chache ishushe sukari kupita kiasi. Lakini anayetumia glibenklamide ao insulini, akifunga bila kupanga, sukari inaweza kushuka chini ya 70: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, mwisho kuzimia. Wandugu kanisani wanaweza kufikiri ni pepo, kumbe ni njaa ya ubongo. Kama bado anameza vizuri, mupe haraka mayi ya sukari, kisha chakula. Kama amezimia, usimumiminie kitu mdomoni; mukimbize hospitali. Na kabla ya kufunga, muulize munganga.

Jambo la mwisho ni letu kabisa. Hapa Fizi risasi zinaweza kutuondoa nyumbani usiku. Katika mufuko wa kukimbia, pamoja na diploma, ninaweka dawa za mwezi mmoja, karatasi yenye jina la dawa na kipimo chake, na viatu vya kufunika miguu. Kidonda kidogo cha njiani, usichokisikia kwa sababu miguu imekufa ganzi, kinaweza kukufikisha kwenye kukatwa mguu.

Tulio na shule ndio familia inatuuliza kwanza. Kama baba ao mama anakojoa sana usiku, ana kiu isiyoisha, anakonda bila sababu, ao ana kidonda kisichopona, mupeleke apimwe. Na kama mzazi wako ana sukari, nenda upimwe na wewe, hata kama hausikii kitu.