"Yes" ya Mswahili na "yes" ya Mwingereza

Na Mwandishi Wetu, Uingereza

Mama yangu mdogo alisubiri miezi saba apasuliwe uvimbe katika hospitali moja ya kusini mwa Uingereza. Siku ilipofika alikuwa hajatia kitu kinywani tangu usiku, hata maji hakuyagusa kwa hofu ya kukosea masharti. Nilimfikisha wodini saa moja asubuhi, nikatoka kwenda kutafuta pa kuegesha gari. Huku nyuma akaja muuguzi na karatasi zake, akamwuliza: "You haven't eaten anything this morning, have you?" Mama mdogo akajibu kwa adabu zake zote, "Yes."

Niliporudi nilimkuta anavaa viatu. Ameambiwa arudi nyumbani, atapangiwa siku nyingine, kwa kuwa amekiri mwenyewe kwamba amekula. Mtu akipewa dawa ya usingizi huku tumbo lina chakula, chakula hicho kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, kwa hiyo simlaumu muuguzi. Nilijaribu kueleza, lakini nafasi ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine.

"Kwani nimesema nini?" mama mdogo aliniuliza tulipokuwa ndani ya gari. "Kaniuliza hujala, nikamwambia ndiyo, sijala."

Na kwa Kiswahili alikuwa amejibu sawasawa. Ukiulizwa "Hujala?" ukasema "ndiyo", maana yake ni "ndivyo kama ulivyosema, sijala". Neno letu linayaafiki maneno ya muulizaji. "Yes" ya Kiingereza haina habari na muulizaji, inalitazama tendo lenyewe. Kama umekula, ni "yes". Kama hujala, ni "no", hata swali ligeuzwe vipi. "You haven't eaten?" "No, I haven't." Mswahili akisikia hiyo "no" hudhani mtu anabisha, kumbe anakubali.

Ndugu msomaji, usijione mjinga kwa hili. Wajapani nao hujibu kama sisi. Wafaransa wana neno lao "si", na Wajerumani wana "doch", maneno maalumu ya kumpinga mtu aliyeuliza kwa kukanusha. Waingereza wenyewe zamani walikuwa na maneno manne: "yea" na "nay" kwa swali la kawaida, "yes" na "no" kwa swali la kukanusha. Katika miaka ya 1530 Thomas More alimkosoa hadharani William Tyndale, mfasiri wa Biblia, kwa kuandika "no" mahali palipostahili "nay". Wenye lugha walikuwa wameanza kuyachanganya. Hatimaye mawili yakaachwa, na mzigo wote ukabaki kwa "yes" na "no".

Dawa yake ni kutojibu kwa neno moja. Sema sentensi nzima, "I haven't eaten." Hapo hata ukitanguliza "yes" kwa mazoea, muulizaji atasita na kukuuliza tena.

Swali jingine la ukoo huo huo ni "Do you mind if I sit here?" Tunasikia mtu anaomba kukaa, na kwa ukarimu wetu tunamjibu "yes, yes". Lakini "mind" hapo ni kuona taabu. Umemwambia kuwa unaona taabu akikaa karibu nawe! Jibu la ukarimu ni "No, not at all."

Halafu kuna "yes" ya kuitikia tu. Sisi tukizungumzishwa tunaitikia ndiyo, eeh, naam, ili msemaji ajue tuko naye. Kwa wanaoomba uraia wa Marekani tabia hii ni ya hatari. Fomu yao, N-400, ina mfululizo mrefu wa maswali yanayoanza "Have you ever", yaani je, umewahi: kukamatwa, kudai uraia wa Marekani usio wako, kupiga kura isiyo haki yako. Afisa huyapitia kwa mdomo siku ya mahojiano, na kwa namna unavyomwelewa na kumjibu ndivyo anavyopima pia kama unazungumza Kiingereza. Ukimwitikia "yes" ya kusikiliza katikati ya maswali hayo, umekiri.

"He" na "she" nako tunajikwaa, maana "yeye" wetu hana jinsia. Mtu anamweleza afisa habari za mkewe, sentensi moja anasema "she", ya pili "he", na afisa anaandika. Karatasi ikisomwa baadaye inaonekana kana kwamba wametajwa watu wawili, na mwombaji anaulizwa mbona maelezo yanagongana. Nawashauri watu wataje jina, au waseme "my wife", hata mara ishirini. Kiingereza kitachosha masikio, lakini hakitaleta shaka.

Pengine Kiswahili kinatubeba. Wanaohangaika na "I lived" na "I have lived" waangalie -li- na -me- zao. "Nilikaa Leeds miaka mitano", nikahama, ni "I lived". "Nimekaa Leeds miaka mitano", na bado nipo, ni "I have lived". Tatizo linakuja kwa vitenzi vya hali. "Mtoto amelala" si "the child has slept", kwani Mwingereza ataelewa kuwa ameshaamka. Ni "the child is asleep". Vilevile "amevaa koti" ni "she is wearing a coat".

"Kuazima" nalo linatuponza, kwa sababu kwetu anayetoa na anayepokea wote wanaazima. Kwao anayetoa ndiye "lend", anayepokea "borrow". "Borrow me ten pounds" utaisikia kila siku, na wataielewa, ila kwenye mtihani itakukata alama.

Mama mdogo alipasuliwa wiki tano baadaye. Muuguzi alikuwa mwingine, swali ni lile lile. Mimi nilikaa pembeni, kimya, kama alivyoniamuru.

"No food," alisema, akihesabu kwa vidole. "No tea. No water." Akamtazama muuguzi usoni, akakunja kidole cha nne. "No yes."