Jina Refu la Msuli wa Shingo

Sogeeni, wajukuu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Inakaa shingoni mwenu.

Kila mmoja ageuze uso kushoto mpaka kidevu kikaribie bega. Sasa papaseni shingo upande wa kulia. Mmeigusa ile kamba nene inayoshuka mshazari kutoka nyuma ya sikio hadi juu ya kifua? Huo ni msuli, na jina lake ni stenokleidomastoidi.

Ulimi umekwama? Tulikateni: ste-no-kle-i-do-ma-sto-i-di. Silabi tisa. Mwingereza hutamka sita tu, kwa kuwa yeye huziunganisha irabu zikawa sauti moja na neno lake huishia kwa konsonanti. Sisi kila irabu tunaipa haki yake. Mkazo nao uko palepale tulipouzoea, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: stenokleidomasto-I-di. Semeni polepole kwanza. Haraka baadaye!

Sasa tulifungue tuone ndani mna nini. Vipande vyake ni vya Kigiriki. "Steno" inatoka kwenye sternon, yaani kifua. Hapa unatajwa mfupa wa kidari. "Kleido" inatoka kwenye kleis, ufunguo au komeo, na ndivyo Wagiriki walivyouita mtulinga, ule mfupa uliolala kati ya kidari na bega. "Mastoidi" ni maneno mawili yaliyoshikana: mastos, titi, na eidos, umbo. Haya, chekeni mmalize. Kisha gusa nyuma ya sikio lako, chini kidogo, utakuta nundu ngumu ya mfupa. Aliyeipa jina aliona ina umbo la titi, basi likabaki hivyo.

Unganisheni sasa. Msuli huu unaanzia kwenye kidari na mtulinga, unaishia kwenye nundu ya nyuma ya sikio. Jina lote ni maelekezo ya njia! Mimi nayapenda majina ya namna hii kuliko mengi mafupi, ingawa madaktari wenyewe wakichoka husema SCM tu.

Na mbona mligeuka kushoto, lakini msuli uliochomoza ni wa kulia? Tazameni jina tena. Msuli wa kulia ukijikaza, huivuta ile nundu ya nyuma ya sikio la kulia ije mbele, kuelekea kidari. Nyuma ya sikio ikija mbele, uso hauna budi kwenda upande wa pili.

Jirani yake kuna msuli mwingine, mwembamba, unaitwa stenohayoidi. Unaishia kwenye mfupa mdogo wa hayoidi, juu ya kongomeo. Unaanzia wapi? Silabi zake ngapi? Kesho nataka jibu kutoka kwa kila mmoja wenu, na asiniambie mtu kwamba neno lilikuwa refu.