Mkubwa wa kazi, je, unaaminika?

Mfanyakazi wako akiugua, huja kukuambia au huficha? Jibu litakuonyesha wewe ni mkubwa wa aina gani.

Nchini Uingereza, utafiti wa Whitehall II ulioanza mwaka wa 1985 ulionyesha kuwa watumishi wa serikali wasio na usemi katika kazi yao walipatwa zaidi na maradhi ya moyo.

Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 humpa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili kila mwaka, mradi alete cheti cha daktari. Usimfanye aiogope haki hiyo.

Jichunguze: nani amekukosoa mwezi huu? Ikiwa hakuna, huenda wanakuogopa. Anza leo. Sikiliza bila kukatiza, timiza ahadi ndogo ndogo, wala usitangaze siri ya mgonjwa.