Nyayo za Rekodi, Kutoka Matope ya Luama Hadi Theluji ya Kilimanjaro

Nchi za baridi husoma wanyama kwenye theluji. Huku Wamaza, nchini Kongo, kati ya Kasongo na Kabambare, tunasoma matope. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi njia ya kwenda mto Luama inaeleza yote: mbwa wa kijijini ameacha alama za kucha, chui hakuacha, maana huzificha anapotembea.

Kwa ukubwa, tembo hana mpinzani. Zungusha kamba kwenye unyayo wa mguu wake wa mbele, uipime, kisha uzidishe mara mbili: utapata kimo chake hadi begani, kwa kukadiria. Kamba ya mita 1.2 ni tembo wa mita 2.4. Nyayo hizo ndizo zilizowaleta wafanyabiashara wa pembe, na mmoja wao, Tippu Tip, akaweka makao yake Kasongo miaka ya 1870.

Kwa mwinuko kutoka usawa wa bahari, twende Kilimanjaro. Mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch alikuta mzoga wa chui umeganda karibu na ukingo wa kilele cha Kibo. Mwaka 1962 msafiri Wilfred Thesiger akaona mbwa mwitu 5 juu kule kwenye barafu, mahali pasipo na swala wala jani.

Nyayo za zamani zaidi za viumbe waliotembea wima kama sisi, zisizobishaniwa, ziko Laetoli, Tanzania: miaka milioni 3.6. Volkano ilimwaga majivu, manyunyu yakayalowesha, yakakauka yakawa magumu kama saruji, majivu mengine yakafunika. Mwaka 1976 watafiti wa huko walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo. Mmoja wao, Andrew Hill, akaanguka, na pale chini akaona nyayo za wanyama. Miaka 2 baadaye kikosi cha mtafiti Mary Leakey kikafukua nyayo za wale waliotembea kwa miguu miwili, katika eneo lile lile walikopita sungura, kanga na twiga.

Lakini unyayo ninaoupa nafasi ya kwanza ni ule uliokataliwa. Mwaka 1900 Harry Johnston, mtawala Mwingereza wa Uganda, aliingia msitu wa Ituri kumtafuta mnyama aliyesikia habari zake. Akilini alikuwa na jamaa ya punda milia, mwenye ukwato mmoja kila mguu. Wambuti, wenyeji wa msitu huo, wakamwonyesha ardhini alama za kwato mbili. Hakuwaamini, alidhani wanampeleka kwenye njia ya pofu, yule swala mkubwa. Mwaka uliofuata ofisa Karl Eriksson akampatia ngozi na mafuvu, na kumbe ni jamaa ya twiga: okapi, ambaye leo porini anaishi nchini Kongo peke yake. Wambuti walikuwa wamesema kweli tangu siku ya kwanza, ila jina la kitaalamu, Okapia johnstoni, alipewa yule aliyezikataa nyayo.