Siku Moja ya Dar kwa Watu Wawili

Mume na mke wakigombana katikati ya matembezi ya Dar es Salaam, mara nyingi ni saa nane mchana, wamo ndani ya bajaji kwenye foleni, na orodha yao hawajaifikisha hata nusu. Kazi yangu ni kuwapangia wageni ratiba, nami huwaambia wote: jiji hili lipangeni kwa jua na foleni, si kwa umaarufu wa vivutio.

Anzeni soko la samaki la Feri, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, madalali wakiwa bado wananadi jodari na pweza. Vaeni viatu vya kufunika vidole, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Ikulu iko jirani; hapo simu ikae mfukoni kabisa.

Kutoka Feri msipande gari. Mji wa kale umebanana ukingoni mwa bandari, na asubuhi miguu ndiyo inayoumudu. Mtapita makanisa mawili yaliyojengwa zama za Wajerumani, Azania Front la Walutheri na Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, kisha Boma la Kale la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid aliyeuanzisha mji huu. Pandeni hadi Mtaa wa Samora. Wengi huipita Sanamu ya Askari bila kugeuza shingo, nami huwasimamisha. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, palepale iliposimama sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Mji uliobadilisha watawala mara kadhaa mnausoma hapo bila kiingilio.

Jua likianza kuuma, ingieni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Kivuli kipo, na simulizi ya fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, inatosha kumnyamazisha hata mwenye njaa. Kuleni mapema baada ya hapo. Ugomvi mwingi wa safarini ni njaa tu.

Ondokeni katikati ya mji kabla ya saa tisa, maana wafanyakazi wakitoka ofisini barabara za kaskazini hujaa. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, litawavusha juu ya bahari hadi Oysterbay. Huko wapo wachoraji wa Tingatinga, warithi wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora kwa rangi za mafuta za madukani mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972. Mnunue kwa anayechora mbele yenu.

Jioni ndipo wapendanao wanapokosea. Hukaa Coco Beach kungoja jua lizame baharini, ilhali ufuko huo unatazama mashariki. Jua huzama mgongoni mwao. Coco nendeni kwa mihogo, mishikaki na upepo. Machweo juu ya maji yako upande wa pili wa rasi, kwenye ghuba ya Msasani. Fikeni kabla ya saa kumi na mbili.

Kariakoo, Kigamboni na Kijiji cha Makumbusho sijavitaja kwa makusudi. Kila kimoja kinastahili siku yake. Mkivibana humu, mtavihesabu tu bila kuviona.