Shokapu ya Mbele Ivujayo Mafuta

Wasomaji wetu wenye pikipiki za zamani wameizoea habari hii: mafuta huonekana yakitiririka kwenye mguu mmoja wa mbele, vumbi likagandamana nayo, na mwenye pikipiki huyapangusa kwa kitambaa akaenda zake, maana chombo chaendelea kutembea. Twapenda kueleza kwa nini jambo hili si dogo, na jinsi mtu mwenye spana chache na subira awezavyo kulitengeneza nyumbani kwake.

Kwanza yafaa kujua kazi ya mafuta hayo. Mwaka 1935 kiwanda cha BMW cha Ujerumani kilitoa pikipiki za R12 na R17, ambazo miguu yake ya mbele iliingiana kama darubini, na mtikisiko wake ulitulizwa kwa mafuta. Viwanda vingi vilifuata mfano huo, hata pikipiki kama Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ina miguu ya namna hiyo. Kila mguu una bomba la chuma ling’aalo, liingialo katika mguu wa chini ulio mnene zaidi. Ndani mna springi na mafuta. Gurudumu liingiapo shimoni springi hubonyea. Itakapo kuruka tena, mafuta hulazimishwa kupita katika vitundu vidogo, na kwa kuwa hupita polepole, springi hairuki kwa nguvu. Mdomoni mwa mguu wa chini hukaa sili, yaani pete ya mpira ikumbatiayo bomba ili mafuta yasitoke.

Mafuta yakipungua, gurudumu hurukaruka wala halishiki ardhi sawasawa, hasa penye kona na makorongo. Lakini hatari kubwa zaidi ni ya breki. Mafuta yashukayo mguuni yakiifikia breki ya mbele, breki hiyo huteleza. Mtu ateremkaye mlima na mgonjwa nyuma yake atashika breki, naye asipate msaada wowote.

Neno tutakalo wasomaji walishike ni hili: mara nyingi sili huharibiwa na kitu kingine, nacho ni bomba lenyewe. Bomba likiwa na kutu au mkwaruzo, kila lipandapo na kushuka huikata sili kama kisu. Atiaye sili mpya juu ya bomba kama hilo atupa fedha yake, kwani mafuta yatavuja tena upesi. Basi kabla ya kununua chochote, safisha bomba, ulipitishe ukucha pande zote. Mkwaruzo mdogo waweza kulainishwa kwa msasa laini sana, wa namba 1000 au zaidi, uliotiwa mafuta. Bali bomba lililopinda, au lililoliwa na kutu mahali sili ipitapo, halina dawa ya msasa, lazima libadilishwe. Tena, pengine kosa ni chembe ya mchanga tu iliyonaswa chini ya mdomo wa sili. Kipande chembamba cha filamu ya picha kikiingizwa hapo na kuzungushwa kwa upole chaweza kuitoa, na mafuta yakakoma kuvuja pasipo gharama.

Ikiwa hapana budi kubadili sili, badili za miguu yote miwili pamoja, nawe ufuate utaratibu huu.

Kwanza, simamisha pikipiki mahali tambarare, uweke sanduku imara la mbao chini ya injini, hata gurudumu la mbele liachane na ardhi. Itikise kidogo, ikiyumba, usianze kazi.

Pili, kabla ya kuchomoa mguu, legeza kidogo kifuniko cha juu na bolti iliyo chini kabisa ya mguu. Springi ikingali imebana, bolti hiyo hufunguka kwa urahisi. Ukingoja mpaka springi imetoka, huenda ikazunguka bure pamoja na kifaa cha ndani.

Tatu, toa gurudumu, breki na bamba la matope, kisha legeza vibano na kuchomoa mguu. Ufunguapo kifuniko kabisa, usiinamishe uso juu yake, maana springi hukisukuma kwa nguvu. Mwaga mafuta ya zamani katika kopo, wala usiyamwage ardhini karibu na kisima.

Nne, toa bolti ya chini na kutenganisha bomba na mguu. Ondoa kifuniko cha vumbi na pete ya waya, kisha ng’oa sili kwa bisibisi pana, ukiweka kipande cha mti chini yake ili mdomo wa mguu usikwaruzwe. Sili mpya iwe na vipimo vile vile vilivyoandikwa juu ya ile ya zamani: upana wa ndani, upana wa nje na unene.

Tano, paka sili mpya mafuta, na ule upande wenye springi nyembamba utazame chini kwenye mafuta. Weka sili ya zamani juu yake, uigonge polepole pande zote hata uuone mfereji wa pete ya waya. Washa ya bolti ya chini nayo iwe mpya.

Sita, tia mafuta maalum ya shokapu kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki hiyo. Usifuate kiasi kilichotoka, maana mengine yalikwisha vuja. Pima kwa chupa yenye alama za mililita, na miguu yote miwili ipate sawasawa.

Wakati wa kurudisha gurudumu, watengenezaji wengi hufanya haraka, na hapo ndipo pa kuangalia sana. Ikiwa breki imo ndani ya kitovu cha gurudumu, sahani yake ina mfereji uingiao jino la mguu, au fimbo ya kuizuia isizunguke. Jino lisipoingia, au fimbo isipofungwa, mara ya kwanza kushika breki gurudumu laweza kukwama ghafula na kumtupa mpandaji. Kabla ya kukaza ekseli mwisho, bonyeza mbele ya pikipiki mara chache ili miguu ikae sawa. Breki iliyokwisha kunywa mafuta isipanguswe tu. Pedi au viatu vyake vibadilishwe.

Kazi ikiisha, jaribu pikipiki polepole mahali tambarare, pasipo abiria, ukishika breki mara kwa mara. Kesho yake tazama tena bomba na bolti zote. Twawaomba walimu na wakubwa wa vijiji wawasomee habari hii vijana wapakiao watu kwa pikipiki, kwani wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.